Jibu Nililolifupisha

Siku waliyoniaga pale bomani Njombe, karani mmoja kijana mwenye tai nyekundu alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya ukalimani hakuna mtu aliyewahi kusikia neno la ukali likitoka kinywani mwangu. "Mzee wetu huyu," akasema, "ametufundisha kusema kwa ufasaha na kwa adabu." Watu wakapiga makofi, nikapewa blanketi. Nami nikasimama, nikashukuru kwa ufasaha na kwa adabu, kisha nikaenda zangu nyumbani nimekasirika hata chakula hakikupita.

Wiki haikwisha, vijana hao hao wakanifuata hapa mtaa wa Ramadhani ninapokaa. Walikuwa na daftari jipya. Wakaniomba niwaandikie jinsi ya kusema vizuri mbele ya wakubwa, maana Uhuru unakuja na wakalimani watahitajika zaidi. Nikawauliza wao wanaonaje, kusema vizuri ni nini. Yule wa tai akajibu upesi kwamba ni kuchagua maneno laini na kutomchosha msikilizaji. Haya basi. Daftari lao ndilo hili ninaloliandika, na mtu akitafuta humu maneno laini atapoteza muda wake. Hayo mnayo tele. Mmeyajaza hata kwenye barua za kuomba likizo.

Nilizaliwa karibu na Kidugala na nikasoma shule ya misheni pale. Nilijua Kibena cha mama yangu, Kiswahili cha darasani, na Kiingereza cha kutosha kujivunia. Siku niliyoitwa bomani nilitembea kwa miguu mitupu, viatu mkononi, ili visichakae kabla Wazungu hawajaniona navyo. Nilivivaa mlangoni. Vilinibana siku nzima, nikasimama kama kuku aliyefungwa kamba, na kesi ya kwanza niliyoisikia sikumbuki ilihusu nini.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Nathanaeli Mwalongo, mkalimani tangu Wajerumani walipoondoka. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na alitembea na kipande cha tangawizi mfukoni kwa ajili ya koo. Alinionyesha mahali pa kusimama: hatua mbili kutoka meza ya mkuu wa wilaya, ambaye sisi sote tulimwita Bwana Mkubwa, upande wa kushoto, pale ambapo ubao wa sakafu ulikuwa umelika kwa visigino vyake. Akaniambia nisiegemee meza, maana nikiiegemea wenye kesi walioketi benchini watanihesabu kuwa ni wa mezani. Sikuelewa. Niliona tu kwamba meza ni nzuri.

Kisha akanifundisha vidole. Nasikia siku hizi mnaandika kwenye vikaratasi. Sisi hatukuwa navyo, na mtu wa kijijini akiona unaandika anaposema, ananyamaza. Mzee Mwalongo aliacha mkono wake uning'inie ubavuni ukiwa wazi. Msemaji akitoa jambo moja, anakunja kidole gumba. Akitoa la pili, anakunja cha shahada. Mkono ukijaa anaanza wa pili. Kisha akigeuka mezani kusema Kiingereza, kila jambo analolifikisha anafungua kidole chake. Hakurudi kwa msemaji mpaka mikono yote miwili iwe wazi. "Kidole kilichokunjwa," alisema, "ni deni la mtu kwako." Nilifanya mazoezi njiani, nikiwakunjia vidole hata wahubiri kanisani.

Wakati huo watu wetu walikuwa bado wanasalimiana kama watu. Mtu aliingia, akainama, "Kamwene," akaitikiwa, akauliza habari za nyumbani kwa Bwana Mkubwa, za watoto wake ng'ambo, za mvua, ndipo akaweka shauri lake chini polepole kama mtu anayetua mzigo wa mayai. Mzee Mwalongo alizitafsiri salamu hizo zote. Wazungu wengine walizipenda, wengine walitazama saa.

Safari moja tulikwenda Makambako kwenye baraza, sisi na Bwana Shauri mmoja, ofisa kijana aliyekuwa mgeni bado. Upepo wa Makambako mnaujua. Karatasi zilikuwa zimewekewa mawe. Mzee mmoja akaanza salamu, na alikuwa na ukoo mpana. Alipofika kwenye habari za ng'ombe, yule ofisa akamwambia Mzee Mwalongo kwa Kiingereza, "Mwambie afunge domo lake, aseme anachotaka." Mzee Mwalongo akakohoa, akamgeukia yule mzee, akasema kwa Kibena, "Bwana amezipokea salamu zako zote. Sasa masikio yake yako wazi kwa shauri lenyewe." Yule mzee akafurahi, akasema shauri lake kwa maneno machache, na mambo yakaisha vizuri. Mimi nilicheka ndani kwa ndani nikajiambia kwamba sasa nimeiona siri ya kazi: mkalimani ni mtu wa kulainisha. Nililielewa somo lile kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Huko Makambako ndiko nilikojuana na Ayubu. Alikuwa karani wa duka, koti jeusi, kalamu mbili mfukoni, na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakusema "nataka", alisema "ningeomba, endapo haitakuwa usumbufu." Kila tulipokwenda Makambako alinikaribisha chai. Sisi wawili tulikaa barazani pa duka tukisema Kiswahili cha vitabuni, huku tukiwaona wachuuzi wanaochanganya Kiswahili na Kikinga kuwa ni watu wasiojua kusema. Naandika hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Mzee Mwalongo akastaafu kwa ajili ya kifua chake, nami nikachukua mahali pake kwenye ule ubao uliolika. Nikaanza kuzifupisha salamu. Mtu aliposema "Kamwene" na habari za watoto wa ng'ambo, mimi nilimwambia Bwana Mkubwa, "Anakusalimu." Kesi zilizokuwa zikichukua kutwa zikaisha kabla ya saa sita. Bwana Mkubwa alifurahi sana. Aliniambia kwamba kabla yangu alikuwa anasikiliza maji yakitiririka, na sasa anasikia maneno. Nikavimba kichwa. Vidole niliendelea kuvikunja, maana mkono ulikwisha zoea, lakini kuvifungua nilifungua nilivyopenda.

Ndipo ikaja kesi ya kijiji cha Yakobi, miaka michache baada ya vita.

Mama mmoja mjane, Dorika, alikuwa na vinyungu bondeni. Anayetoka nje ya nchi yetu na ajue kwamba vinyungu ni yale matuta ya bonde lenye maji, yanayolimwa wakati wa kiangazi. Shamba la mlimani likishaliwa, watoto wanakula kutoka vinyungu mpaka mvua zirudi. Mwenye kinyungu halali njaa. Mume wake Dorika alikuwa amekufa, na watoto walikuwa wanne. Aliyedai vinyungu alikuwa Ayubu wangu wa Makambako, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Alisema bonde lile lilikuwa la baba yake, kwamba marehemu na mkewe waliazimwa tu, na sasa anaomba, endapo haitakuwa usumbufu, kurudishiwa.

Baraza la jumbe lilikuwa limekwisha amua. Pale wazee walimwuliza Dorika nani alimpa, akawajibu, wakampa haki yake kabla hata jumbe hajamaliza ugoro wake. Ayubu hakuridhika, akakata rufaa kwa Bwana Mkubwa. Na huku kwetu kila kitu kilianza upya.

Mnielewe jambo moja, na ninyi mliozaliwa huku mnalijua kama mmelelewa. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki jina la ndugu wa baba mkwe pia, maana wote ni wakwe. Awe hai au awe kaburini, ni mamoja. Ni heshima kubwa kuliko kuinama, kuliko kupiga magoti. Mama yangu mwenyewe alifariki bila mimi kumsikia akilitaja jina la babu yangu hata siku moja. Na shauri zima la vinyungu lilikuwa juu ya wazee wawili, ndugu, wote marehemu, wote wakwe wa Dorika: ni yupi kati yao aliyempa?

Ayubu alisema kwanza. Alisimama wima, akamshukuru Bwana Mkubwa kwa kumpa nafasi, akapanga maneno yake, akamtaja baba yake kwa jina, akamaliza kwa kuomba radhi kama amemchosha yeyote. Ilikuwa raha kumtafsiri. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa, akasema, "Laiti wote wangejua kujieleza hivi."

Kisha Dorika. Alikuja mpaka karibu na meza, akapiga magoti, akageuza uso pembeni, maana Ayubu ni wa ukweni na humtazami wa ukweni machoni, wala mkubwa humkodolei macho. Bwana Mkubwa akauliza, "Nani alikupa ardhi hii?" Nikamwuliza. Akajibu kwa sauti ya chini, kwa Kibena safi, bila kusitasita, nami nikawa nakunja vidole. Nilikunja saba. Mkono wa kushoto ulijaa, na viwili vya kulia.

Nikageuka mezani. Saa sita ilikuwa inakaribia. Ayubu alikuwa ameketi nyuma na koti lake, na mimi nilijiona natakiwa kusimama mbele ya msomi mwenzangu na kusema kwa Kiingereza habari za kaburi na mianzi na uji. Niliona aibu. Ndiyo, aibu, kama mtu anayetakiwa kumvua mama yake nguo mbele za watu. Nikasema, "Anasema ni mzee mmoja wa ukoo, Bwana, aliyekwisha fariki."

"Yupi? Jina lake?"

Nikamgeukia. "Mama, Bwana anataka jina."

Alitazama chini.

"Mama, taja tu," nikamwambia kwa Kibena, kwa sauti ya kumnong'oneza. "Ni neno moja, liishe."

Akaniuliza polepole, "Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Kidugala."

"Na mama yako angetaja?"

Bwana Mkubwa akauliza tunasema nini. Nikamjibu, "Hajibu, Bwana." Akauliza mara ya tatu, akanyamaza tena yule mama, kwa adabu ile ile. Bwana Mkubwa akaandika. Najua alichoandika kwa sababu nilikiona: kwamba mwanamke huyu hamjui hata jina la mtu anayedai alimpa. Vinyungu vikaenda kwa Ayubu. Alinishika mkono mlangoni na kunishukuru kwa tafsiri nzuri.

Miaka imepita na bado damu inanichemka ninapoandika hapa. Mwenye adabu kuliko sisi sote ndani ya chumba kile alikuwa mwanamke aliyepiga magoti, aliyekubali kupoteza chakula cha watoto wake kuliko kumvunjia heshima mtu aliye kaburini. Na mwenye kusema kwa ufasaha alikuwa yeye yeye. Nasi tuliokuwa na viatu tukaandika kwamba hajui. Yule Mzungu alitumwa atuamue bila kutujua, na akaridhika hivyo. Simsamehei, lakini yeye hakukisikia kile Kibena. Mimi nilikisikia.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mzee Mwalongo, nikitumaini ataniambia ndiyo kazi ilivyo. Nilimweleza yote. Alikohoa muda mrefu.

"Vidole vingapi?" akauliza.

"Saba."

"Ukafungua vingapi?"

"Kimoja."

Akanitazama kama mtu aliyeazimisha jembe likarudishwa bila mpini. Nikajitetea kwamba yeye mwenyewe kule Makambako alibadili maneno, tena mbele yangu.

"Nilibadili tusi la mwenye nguvu," akasema. "Wewe umekata maneno ya mtu asiye na kitu kingine. Usinisingizie mimi hilo. Kesho asubuhi nenda ukamwambie Bwana Mkubwa."

Nilikwenda. Nasema hivyo nisionekane mbaya zaidi ya nilivyokuwa. Nilimweleza habari ya wakwe na majina. Alinisikiliza, hata akapendezwa, akasema ni desturi ya kuvutia sana na akaiandika katika kitabu chake cha mambo ya wenyeji. Kuhusu kesi, alisema jalada limefungwa. "Kama alitaka nijue, angesema." Nikasimama pale kwenye ubao wangu, na Kiingereza changu chote, nisiweze kumwambia kwamba alisema. Maana ningelazimika kumwambia ni nani aliyemziba mdomo. Nikasema, "Ndiyo, Bwana," kwa adabu sana.

Dorika alikwenda kubandua magome kwenye mashamba ya miti ya miwati. Mnaijua kazi ile, mikono inakuwa myeusi haitakati. Watoto wawili waliacha shule. Ayubu alilima vinyungu msimu mmoja, akachoka matope, akakodisha. Mimi niliendelea kusimama bomani, na tangu siku ile sikufunga kesi hata moja na kidole kilichokunjwa. Salamu zote nilizitafsiri, na ng'ombe, na watoto wa ng'ambo. Mabwana waliofuata walilalamika kwamba mkalimani wa Njombe ni mrefu wa maneno. Hilo yule kijana wa tai hakulitaja siku ya kuniaga. Alilolisifu ni ulaini, wa yule mtu niliyekuwa zamani, niliyemchukia.

Lakini kwa Dorika mwenyewe sikwenda. Nilimwona sokoni mara nyingi, akanisalimu, nikamwitikia, nikapita upesi. Niliweza kusema mbele ya Wazungu wa kila namna, ila kwa mwanamke wa Yakobi mwenye mikono myeusi nilikosa neno. Mkiuliza ufasaha wangu ulikuwa na thamani gani, pimeni hapo.

Blanketi lile la kuniagia ndilo lililonifukuza. Siku ya tatu tangu niagwe nikalikunja, nikalibeba, nikaenda Yakobi.

Nilimkuta uani akimenya viazi. Amezeeka sasa. Tukasalimiana mpaka mwisho, sikuruka hata mtu mmoja wa nyumba yake. Nikaliweka blanketi miguuni pake, naye akanipa kigoda. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa sababu ya siku ile ya bomani. Ulijibu vizuri. Mimi sikuyafikisha maneno yako."

Aliendelea kumenya kiazi mpaka kikaisha.

"Nilikuwa najiuliza," akasema. "Sikuwa nakutazama usoni, ila mkono wako niliuona. Nilikupa mambo saba, ukayakunja yote vizuri. Kisha ukafungua kidole kimoja. Nikasema moyoni, labda Kiingereza ni lugha ya ajabu, kinaweza kubeba saba kwa moja."

"Hakiwezi, mama."

"Basi miaka yote hii nilidhani walinisikia wakanikatalia. Nilikuwa natafuta nilikosea wapi kusema."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alichukua kiazi kingine, akakiweka chini tena, akafuta mikono kwenye kitambaa chake.

"Sema sasa," akasema. "Hivyo hivyo kwa Kiingereza chao. Nisikie kinakuwaje."

Nikasimama. Hakukuwa na meza, kulikuwa na kuku na sufuria. Nikakunja vidole saba mbele yake, nikaanza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba aliyempa ni yule anayelala kaburini upande jua linakotoka. Nikafungua cha kwanza. Kwamba ndiye aliyempokea siku alipoletwa ukweni. Kwamba alimpa mwaka alipojifungua mtoto wa kwanza. Kwamba alimshika mkono, akampeleka bondeni yeye mwenyewe. Kwamba alimwonyesha mpaka, kutoka jiwe linalotoa maji hadi shina la mianzi ya pombe ya ulanzi. Kwamba yule mwingine, anayelala upande jua linakozama, alikuwapo siku hiyo, akakubali kwa kupiga makofi. Na kwamba alimwambia, hapa mwanangu utakula mpaka meno yakuishe, naye akampikia uji mpaka meno ya mzee mwenyewe yakaisha. Vidole vyote vikawa wazi. Ndipo nikaongeza ambalo hakulisema, kwa kuwa mimi si mkwe wa mtu yeyote pale: nikalitaja jina la baba mkwe wake. Mzee Lugano.

Katika maneno yote yale aliyoyasikia, hilo moja tu alilielewa. Alilipigia magoti pale pale kwenye maganda ya viazi, akageuza uso pembeni.

Kisha akainuka akaketi. Alinitazama mikono.

"Ni marefu," akasema. "Yangechukua muda gani?"

"Kama hivi tu, mama."

"Kama hivi tu," akarudia, akachukua kisu, akanisogezea viazi vya upande wangu nimenye.